Skrini Iliyowapa Ukoo Mzima

Goma, Jumanne. Mvua asubuhi, jua sasa, umeme upo.

Nilipoteza skrini yangu ya kusahihishia rangi za filamu za harusi mwezi wa kwanza, wiki ile ya vita, masasi yakilia kila upande, tulipokimbia mtaa wetu wa Majengo tukalala Lac Vert. Tuliporudi mlango ulikuwa chini na meza tupu. Kitambaa cha kuipangusia wezi waliniachia.

Sonde, kile kifaa kidogo cha kupimia rangi ya skrini, ilipona. Mke wangu aliifunga ndani ya nguo za mtoto.

Hakuna aliyeniomba radhi. Basi, kazi iliendelea, kwenye televisheni ya sebuleni.

Najua, najua, televisheni si ya kazi hiyo.

Juzi Jumapili, siku ya kuonyesha filamu ya harusi, nimevuna. Hapa kwetu kila familia huja harusini na kitenge chake. Upande wa bibi harusi walivaa zambarau, upande wa bwana buluu. Kwenye filamu yangu wote wametoka buluu. Mama Kavira, mama wa bibi harusi, aliangalia kidogo, akasimama mbele ya wageni:

"Papa, mimi nilitoa mutoto mumoja tu. Weye umewapa ukoo muzima!"

Walicheka mpaka machozi. Mimi pia nilicheka, kwa meno.

Amenipa hadi Jumapili hii. Baadaye familia inarudi Butembo, na ndiko harusi zangu nyingi zinakotoka. Filamu ikienda vile ilivyo, Butembo nimeizika.

Kazi hii sikufundishwa na mtu, nilijifunza kwa makosa yangu, kwa hiyo najua ninachotaka. Televisheni nimeipima: mwanga wake ni mara tatu ya ninaohitaji, nyeupe yake imejaa wekundu, ndiyo maana nilipunguza nyekundu hadi zambarau ikawa buluu. Nataka mwanga wa niti mia moja, hicho ndicho kipimo cha mwanga wa skrini, na kosa la rangi lisilofika mbili, kiasi ambacho jicho halilioni. Tena nataka vipimo vya sonde vikae ndani ya skrini yenyewe, si kwenye kompyuta, maana leo natumia kompyuta yangu, kesho ya shemeji, kutegemea nani ana umeme.

Papa Kasereka, anayeleta mizigo kutoka Kampala, amepata skrini moja ya inchi ishirini na saba. Nilimuuliza hilo la vipimo. Akanitumia picha ya skrini.

"Angalia mwenyewe, muzee, rangi inawaka!"

Inawaka, ndiyo, kwenye simu yangu iliyopasuka kioo. Ni kama kuonjeshwa chumvi kwa simu. Nikauliza tena.

"Iko mupya, papa! Waliisha kuipima rangi ku usine!"

Ya kiwandani ni ya kiwandani. Skrini huzeeka kama sisi, lazima ipimwe tena na tena. Nikiwa na skrini inayokubali hilo, zambarau ya Mama Kavira itarudi kwa siku moja tu. Sina shaka na mikono yangu.

Gari linaondoka Kampala kesho jioni. Papa Kasereka, najua unasoma ukurasa wangu huu, unapenda kunicheka. Mwambie mwenye duka afungue kitabu chake cha maelezo. Vipimo vinakaa ndani ya skrini, ndiyo au hapana?

Nangoja neno moja, kesho kabla ya saa sita mchana. Picha usitume.