Wiki ya Tano, Rangi Bado Haijakauka

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia saa ya mapumziko, nimekaa juu ya ndoo ya rangi niliyoipindua, na kabla hujafika mwisho wa barua hii naomba usinicheke, kwa sababu mke wangu ameshanicheka kwa niaba ya ukoo mzima, wake na wangu. Mimi ni fundi rangi, mwaka wa kumi na nne sasa, nimepaka kuta za wakubwa na wadogo na hakuna aliyewahi kuniita tena kulalamika kwamba rangi imebanduka, lakini nyumbani kwangu kuna jambo nililipaka harakaharaka na sasa linabanduka kila siku mbele ya macho yangu, na anayelibandua ana miaka minne na nusu.

Ni binti yangu. Namwita mama, maana amebeba jina la mama yangu mzazi, na pamoja na jina akabeba na ukali. Tulikuwa tumepanga nyumba ambamo yeye alizaliwa, akajifunza kutembea humo kwa kushikilia ukuta, mpaka mwenye nyumba alipokuja kwa heshima zote kutuambia kijana wake anaoa na nyumba inahitajika, akatupa miezi miwili. Tukapata nyingine upande wa pili wa mji, nzuri tu, vyumba vitatu, maji ndani, jirani mmoja mwenye mbwa. Na nyumba sina ugomvi.

Siku ya kuhama ndiyo iliyoniponza. Mke wangu anafunga vyombo kwenye magazeti, mimi nafungua vitanda, na huyu mama yangu wa miaka minne amejipa kazi ya kutoa kwenye maboksi kila tunachoingiza, nikiweka sufuria anatoa mfuniko, nikirudisha mfuniko anatoa sufuria, na mwishowe akaingia kwenye karai la kufulia, akakaa, akakunja mikono, akatangaza kwamba yeye haendi popote na karai haliendi popote. Gari limeshafika, dereva anapiga honi, wabebaji wanatazama saa, na mimi kwa akili zangu zote nilizojaliwa nikachuchumaa nikamwambia tunaenda kutembea tu, mama, nyumba yetu inapakwa rangi, ikikauka tunarudi. Akatoka kwenye karai hapo hapo, akabeba kibegi chake mwenyewe, akapanda gari. Nikajiona mzazi bora wa mwaka. Hata mke wangu nilimkonyeza.

Sasa Mshauri, mtoto huyu tumemlea kwa adabu, na mimi nilikuwa najivunia: ukienda kwa watu huombi chakula, hufungui kabati, huingii chumbani, ukipewa kitu unashukuru, ukiulizwa kama umeshiba unasema nimeshiba. Basi tumefika nyumba mpya na ameyatekeleza yote, hakuna hata moja aliloliacha. Anapiga hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Viatu anavipanga mlangoni vikitazama nje, ili tukiitwa asichelewe. Nguo zake hajazitoa kwenye kibegi, asubuhi anatoa ya siku hiyo tu, jioni anakunja anarudisha. Akiwa na kiu haombi, anakwenda kusimama karibu na jagi la maji na kulitazama, mpaka mtu mwenye huruma amwone. Akimaliza kula anamwambia mama yake, huyo huyo aliyembeba tumboni miezi tisa, kwamba asante kwa chakula, tumepokewa vizuri sana. Siku ya kwanza aliposema hivyo mke wangu alikwenda jikoni akakaa huko muda, na alipotoka macho yalikuwa mekundu, na hatukuwa tukikata vitunguu.

Na kila jioni nikirudi kazini ananipokea na swali lile lile, rangi imekauka? Hapa ndipo lilipo kosa langu, maana ningekuwa muuza duka ningeweza kumzungusha mwaka mzima, lakini huyu nimekuwa nikienda naye kazini tangu ana miaka miwili, anajua rangi ya maji hukauka kwa saa mbili, ya mafuta kutwa kucha, na anajua hugusi kwa kiganja, unagusa kwa mgongo wa kidole. Siku ya tatu akaniambia kwa upole kwamba itakuwa imekauka. Nikasema bado mkono wa pili. Siku ya sita nikasema mkono wa tatu, akaniuliza ni nyumba gani hiyo inayopakwa mikono mitatu. Nikaleta unyevu. Wiki ya pili nikaleta kuvu. Wiki ya tatu msasa ukaisha madukani, mji mzima. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu, na anahesabu. Nikitoa uongo mpya mezani ananionyesha idadi kwa vidole kutoka upande wa pili, na vidole vya mikono vimeshamwishia. Nilipomwomba anishike mkono kidogo, alinijibu kwamba uongo niliupaka mwenyewe, nikaupige msasa mwenyewe.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mambo ya wiki iliyoisha jana. Jumatatu mwalimu wa chekechea alimwambia achague msumari wa kutundika begi lake, akashukuru, akakataa, akasema wapewe wenyeji. Alhamisi akajikojolea sebuleni, mtoto aliyeacha nepi miaka miwili iliyopita, na choo kiko hatua sita kutoka alipokaa, kisa hakutaka kumsumbua mtu kuuliza. Na hakulilia nguo yake, alilia kwa ajili ya kiti. Nilimkuta anakipangusa kwa pindo la gauni, anasema wenyewe watakasirika. Nikamwambia hiki kiti ni chetu, mama, ndicho kile kile cha siku zote. Akanitazama, akaendelea kupangusa.

Halafu jana Jumapili asubuhi nikamkuta mlangoni amevaa nguo yake ya kazi, ile yenye madoa, kichwani kofia ya gazeti, mkononi brashi yangu ndogo ya pembeni.

"Baba, twende tukamalize wote," akaniambia. "Ukiwa peke yako unachelewa."

Nikamwambia brashi hiyo siyo yenyewe. Akairudisha kwenye ndoo. Afadhali angepiga kelele, Mshauri, ningejua pa kushika.

Kwa hiyo nimeamua kulimaliza jambo hili kwa uongo mmoja wa mwisho, mkubwa, usiohitaji kuongezewa. Nimefikiria nimwambie nyumba ile imeanguka, au imeliwa na mchwa. Mke wangu anasema nikithubutu atahama yeye. Nakuuliza wewe mwenye uzoefu, kati ya kuanguka na mchwa, kipi kitamuuma kidogo? Maana nikimwambia ukweli leo, baada ya wiki tano, hataniamini tena maisha yake yote, na hilo naliogopa kuliko kitu chochote, kwa sababu huyu ndiye mtu pekee mjini aliyekuwa akiniamini bila kuniomba risiti.

Ni mimi,
Fundi Rangi


JIBU

Fundi,

Mchwa. Kama ni lazima, chagua mchwa, maana nyumba ikianguka mtoto atauliza nani ameumia, na kwa kasi yako kufikia Ijumaa utakuwa umeshazika watu. Mchwa hawana msiba. Na akitaka kuwaona hao mchwa, utamletea wachache kwenye chupa, na akiuliza wamekulaje mlango wa chuma, utasema hawa ni wa aina mpya. Naona una kipaji, na unakipoteza kwenye kuta.

Haya, tumecheka, ingawa uliniomba nisicheke. Kwanza pole. Siku ya kuhama, mtoto ndani ya karai na honi nje, hakuna mzazi ambaye hajawahi kusema lolote ili gari liondoke. Mimi niliwahi kumwambia wangu kwamba daktari wa meno anataka kumsalimia tu. Uongo wa dakika ile nakusamehe. Wa kesho yake, ulipokuwa umekaa, umeshiba, hakuna honi wala dereva, huo sikusamehe. Ulipewa jioni thelathini na zaidi za kusema kweli, na jioni zote hizo ukachagua kuvu.

Nikuulize la kazi yako. Mteja anakuita, ukuta umelowa, anakuambia wewe paka tu juu kwa juu, wageni wanakuja. Unamjibu nini? Miaka kumi na minne hakuna aliyekurudisha, kwa hiyo jibu lako nalijua: unakwangua mpaka kwenye plasta, na mteja akinuna anune. Sasa inakuwaje mteja unamheshimu kuliko mwanao?

Unasema unaogopa hatakuamini tena. Baba wee, hii barua uliisoma kabla ya kuituma? Mtoto anayegusa rangi kwa mgongo wa kidole, unadhani bado yuko nawe kwenye mkono wa tatu? Alipokuuliza ni nyumba gani hiyo, alikuwa anakupa nafasi ya kujitoa, ukamletea unyevu. Huenda hajui mambo yote, lakini anajua baba anasema kitu ambacho si kweli, na anakunyamazia, kwa sababu mmemfundisha vizuri sana kwamba mgeni hambishii mwenyeji. Turudi kwenye kile kiti. Ulimwambia ni chenu. Ilikuwa kweli, pengine kweli ya kwanza kumwambia tangu mhame, naye akakutazama, akaendelea kupangusa. Imani unayoogopa kuipoteza ilikwisha Alhamisi, Fundi, na wewe unaniuliza habari za mchwa.

Tena wahenga waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakuwahi kuona mgeni anayelichukua jembe mwenyewe, na kofia ya gazeti kichwani, halafu mwenyeji anamwambia jembe hilo siyo lenyewe.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo. Ukirudi kazini, usingoje akuulize. Kaa chini sakafuni. Usichuchumae, maana mtu aliyechuchumaa yuko tayari kukimbia. Mwambie: "Mama, nilikudanganya. Nyumba ile haipakwi rangi. Tumehama, haturudi kukaa kule, hapa ndipo kwetu." Ukishafika hapo, funga mdomo. Usimwambie ulifanya kwa ajili yake, usimtaje dereva, usimwahidi baiskeli. Atalia, na utamwacha alie mpaka amalize mwenyewe. Akikupiga, pokea. Akikuuliza kwa nini ulimdanganya, mjibu kwamba uliogopa kilio chake. Ni aibu mtu mzima kusema hivyo, lakini ni kweli, na hiyo ndiyo bidhaa iliyoadimika nyumbani kwako, siyo msasa.

Jumamosi mpeleke nyumba ya zamani. Zungumza kwanza na mwenye nyumba, asidhani umekuja kuidai. Mtoto apige hodi, asalimie maharusi, aone vitanda vya watu vimekaa pale alipokuwa akilala. Itamuuma, na itakuuma wewe zaidi, ndiyo maana umeikwepa. Aage mlango, aage ukuta anaoutaka, hata kama itachukua mchana kutwa. Na kama maharusi wamebadilisha rangi, tafadhali usitoe maoni ya kitaalamu.

Halafu kuna chumba chake. Barua nzima umenitajia kuta za wakubwa na wadogo, ukuta mmoja wa mwanao hukuutaja. Mafundi nawajua; nakisia ni rangi ile ile mliyoikuta. Nunua rangi ya maji, achague yeye, hata akichagua ya kukuumiza macho. Atapaka mpaka mkono wake unapofika, juu utamalizia wewe, na alipopaka yeye usiparekebishe hata kidogo.

Mkeo naye nina neno naye, mwambie asome hapa. Mwalimu, kusahihisha makosa ya mumeo kwa vidole kumekufurahisha, sikulaumu sana, ila huku ukihesabu, mtoto alikuwa anakunja nguo zake kila jioni mbele yako na wewe pia hukumwambia kweli. Kaeni wote wawili sakafuni. Na mkimaliza, mwambieni jambo mlilosahau kumfundisha, kwamba adabu zile zote ni za kwa watu. Kwao mtu anaomba maji kwa sauti.

Msitegemee shukrani. Kwa siku kadhaa atakuangalia kila ukifungua mdomo, na ukisema kesho mvua itanyesha atakwenda kumuuliza mama yake. Vumilia, umejitakia. Kisha adabu itaanza kupungua kidogo kidogo. Siku moja utarudi umechoka, ukute maji yamemwagika sebuleni, mito ya kochi iko chini, na mtoto amesimama katikati ya mlango anakupigia kelele kwamba hataki kuoga, chakula hiki hakitaki, na wewe ni baba mbaya. Siku hiyo usiniandikie kulalamika. Mwite mkeo aje asikilize. Mtoto wenu amefika.