Mungu wa Mahindi Amekosa Kazi

Jumamosi. Mvua asubuhi, mchana jua la hasira. Nimerudi nyumbani Katubuka jioni hii, tope jekundu limefika vifundoni.

Ndugu wananchi, kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba mchezo wa kuigiza wa akina mama wakimbizi wa kambini umevunjika leo kabla mungu wa mahindi hajapanda jukwaani. Mungu huyo alikuwa amevikwa majani mabichi ya mahindi tangu saa nne, na yanawasha.

Mungu huyo ni mimi.

Niliyataka mwenyewe. Mwalimu wa historia mwenye kitambi, nani alinituma kufundisha maigizo? Kambini ukiigiza habari za kukimbia kwenu, hakosekani mtu wa kusema ni siasa. Basi nikatafuta watu wa mbali kabisa, wasio na ndugu hapa: Wamaya wa kale, huko Amerika ya Kati. Walijenga mapiramidi msituni, wakazisoma nyota, wakaamini binadamu ameumbwa kwa unga wa mahindi.

Hapo tu, kicheko.

"Basi sisi Warundi tumeumbwa kwa maharage," akasema Bibi Felista, mcheshi wa kikundi. "Mahindi tumeyakuta kwenye mgawo."

Kisa chenyewe ni chepesi. Kabla ya watu wa mahindi, miungu ilijaribu udongo, ukamomonyoka. Ikachonga watu wa mti. Hao walitembea na kuzaa, ila hawakuwa na moyo wala shukrani. Siku moja vyombo vyao vikawageuka: vyungu, mawe ya kusagia, hata mbwa. Wakatimuliwa hadi msituni, wakawa tumbili. Ndipo naingia mimi na mahindi yangu, watu wanapiga makofi.

Chepesi, ila kwa Mama Novati hapana. Yeye alikuwa mtu wa mti, Bibi Felista chungu chake. Kila zoezi, tukifika pale chungu kinapomfukuza, anasimama.

"Mwalimu, chungu hakiwezi kunifukuza. Mimi ndiye nilikikimbia."

Wenzake walinieleza pembeni. Siku ya kuondoka Burundi alikiacha motoni, kina maharage. Chungu cha marehemu mama yake. Akavuka mpaka hadi Kagunga, upande huu wa Tanzania, na watoto tu, na tangu hapo hajakitaja.

Hajakitaja, isipokuwa kwenye mazoezi yangu!

Nikamwambia, mama, haya ni mambo ya Wamaya. Akanijibu, "Kwani Wamaya hawakupika?" Nikamwambia awe mbwa, akakataa, anataka abaki na chungu chake. Jana nikapandisha sauti: kesho ukisimama tena, nafasi yako naitoa. Akasema "Sawa, Mwalimu," ile sawa ya mtu ambaye hajakubali hata robo.

Niliposema mchezo umevunjika, ni hasira iliyokuwa inaandika. Kilichotokea hasa ni hiki.

Uwanja ulijaa. Bibi Felista akatoka na masizi uso mzima, akinguruma, "Uliniunguza! Kila siku uliniunguza!" Mama Novati alitakiwa akimbie.

Akapiga magoti.

"Mbabarira," akasema. Nisamehe. "Nilikuacha motoni."

Mimi nyuma ya pazia nampungia kama kichaa: kimbia, mama, kimbia! Majani yananikata shingo.

Kisha Mama Novati akauliza, polepole, kana kwamba hakuna mtu mwingine pale, "Yale maharage yaliungua?"

"Aka! Yaliiva," chungu kikajibu. "Nilijiepua mwenyewe."

Mama Novati alicheka mpaka akalia, au alianza na kulia, sikuona vizuri. Mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Mimi nilimwacha mbuzi kamba shingoni!" Mwingine akataja baiskeli. Mwingine mlango, aliufunga na funguo anazo. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mungu anasubiri.

Nikapanda jukwaani hivyo hivyo, mikono imejaa mahindi, nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Mama Novati akanitazama juu hadi chini.

"Mwalimu, hayo lete tuchome."

Tukachoma. Njiani kurudi nimepita Kidahwe na jani bado shingoni, watoto wakanicheka, sikulitoa.

Jumamosi ijayo wanataka kurudia. Nitaomba nafasi ya mbwa.