Ndimi Saba za Moto kwa Beji

KITUO CHA POLISI, SALAMA
MAELEZO YA SHAHIDI, MARA YA PILI

Jina: Mutunga Ndululu
Umri: Miaka hamsini na mbili, kwa kukadiria
Kazi: Kibarua, kuvunja kokoto
Makao: Kasikeu
Ndoa: Mke alifariki 1978
Tarehe: 21 Septemba 1981, saa tatu na nusu asubuhi
Mbele ya: Konstebo Gicheru

Kiilu Mulei amekufa. Baruti ilimuua ndani ya kisima ya kanisa, Kasikeu, Alhamisi tarehe kumi na saba mwezi huu, saa nne na dakika kidogo asubuhi. Kichwa haikubaki. Mimi ndio nilikuwa nimeshika kamba.

Hiyo Alhamisi niliambia chifu msaidizi ati Kiilu hakungoja. Ikaandikwa. Ni uongo. Kiilu alingoja. Alingoja vile mimi nilimwambia. Nimekuja kutoa hayo maneno niweke haya.

Naanza na beji, kwa sababu bila beji Kiilu angekuwa hai.

Mwaka 1972 jeshi ilipiga kampi Kitui, kando ya mto Tiva. Walikuwa mainjinia, wale askari wa kujenga daraja na kupasua mawe. Walitaka vibarua. Nilikaa huko miezi minne. Kazi yangu ilikuwa kubebea jikoni maji na kuchanganya simiti. Bunduki sikushika. Baruti niliona kwa mbali, mimi na vibarua wengine tukiwa tumelazwa chini. Sijawahi kuwa askari hata siku moja. Hiyo uandike vizuri.

Kila asubuhi Sajini Irungu alisimamisha askari wapya akawafundisha beji ya kofia. Ni ya shaba. Chini iko daraja. Juu ya daraja sururu na sepetu zimepishana. Juu kabisa iko bomu ya mviringo inawaka, moto yake ina ndimi saba. Aliwaambia kikosi ilianza wakati wa mzungu na watu wa kuchimba mitaro, hata viatu hawakupewa, na ndio sururu ikawekwa hapo wasisahauliwe. Daraja ni ile kitu tunajenga. Bomu ni ile kitu tunavunja. Hayo nilisikia nikipita na debe. Ya ndimi saba sikusikia. Nikirudi na maji alikuwa amemaliza.

Siku ya kuvunja kampi, kofia ya sajini ilikuwa imeanikwa kwa kamba ya hema. Nilitoa beji nikaweka kwa mfuko nikaenda. Walimfanya nini sajini kwa kupoteza beji, sijui.

Bibi yangu Kalunde alijua. Nikiitoa kuiangalia alikuwa ananicheka. "Askari wa debe, basi niletee maji." Alipokufa hakukuwa na mtu mwingine wa kujua. Nilifunga beji kwa koti. Watu wakaanza kuniita Afande. Nikaitika.

Mwaka huu mwezi wa sita, mwethya ya kanisa, yaani kundi letu la kusaidiana kazi, tulianza kuchimba kisima. Futi thelathini na tano tukagonga mwamba. Nyundo zikavunjika. Mzee Muthama, mwenyekiti, alisema tuite mtu wa baruti ako na leseni kutoka Nairobi. Huyo mtu alisema mpaka mwezi wa kumi na moja. Mzee Muthama akasimama mbele ya watu akasema, "Na huyu mainjinia wa jeshi tumekaa naye bure? Si ako hapa?" Watu wote wakaniangalia. Sikukataa.

Baruti ililetwa na Kiilu. Alikuwa amefanya kazi kwa machimbo ya mawe zamani, alijua kuiweka na kuwasha fyuzi. Aliitoa wapi sijui, hakuniambia. Mkiniuliza mara kumi, sijui.

Mwezi wa nane mwishoni, saa sita mchana, tulikuwa tumekaa tunakula. Kiilu alishika beji kwa koti yangu akahesabu. Akaniuliza, "Afande, daraja ulitueleza, sururu ulitueleza. Hizi moto mbona saba?" Mutindi, bibi yake, akasema, "Ya nane ilizimika akiwa amelala zamu." Watu wakacheka sana.

Sikutaka kuchekwa. Nikasema: baruti ikikataa kulipuka, mainjinia anangoja dakika saba. Kila moto ni dakika moja. Ikipita saba hiyo baruti imekufa, unaweza kuingia.

Hakuna mtu aliniambia hivyo. Nilitunga hapo nikiwa na kande kwa mdomo. Kiilu akasema, "Kumbe ndio maana. Hawa watu hawaandiki kitu bure."

Alhamisi tarehe kumi na saba. Saa tatu tulifika kwa kisima. Kiilu alishuka, akaweka baruti tatu kwa mashimo tatu, akawasha, mimi na wengine tukamvuta juu. Tukaenda nyuma ya ukuta wa mawe. Ililipuka moja. Ikalipuka ingine. Tukangoja. Kiilu akasema, "Moja imekataa." Akanigeukia. "Afande, saba?"

Nikasema, "Saba."

Hapo mtu angeniuliza vizuri pengine ningesema sijui. Hakuna mtu aliuliza. Walikuwa wanaangalia beji.

Kiilu alitoa saa yake ya mkono akampa Mutindi. Akamwambia, "Angalia mkono mrefu, sasa uko juu kabisa. Usinihesabie kama vile unahesabia watu wa soko mayai." Mutindi akasema, "Nyamaza, utanipoteza. Na ukitoka huko uende uoge, unanuka kama kiberiti." Walikuwa watu wa kucheka, hao wawili. Mutindi hakutoa macho kwa saa. Mimi pia niliangalia, nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake. Kusoma saa nilifundishwa Tiva na mpishi. Mutindi aliposema "Saba," ilikuwa saba. Haikuwa sita. Mimi niliona kwa macho yangu.

Kiilu akaingia kwa ndoo. Tulikuwa watu watatu kwa kamba, mimi ndio mbele. Tulimshusha pole pole. Alisema kutoka chini, "Niko hapa, shikeni." Nikashika. Halafu ikalipuka. Kamba ikawa nyepesi kwa mkono yangu.

Chifu msaidizi alifika karibu saa tano. Aliuliza nani anajua baruti hapa. Wakanionyesha mimi. Aliuliza imekuwaje. Nikasema, "Hakungoja dakika zake. Aliharakisha." Nilisema haraka, kama mtu ameulizwa jina. Mutindi alikuwa amekaa chini hapo karibu na saa kwa mkono. Alinisikia. Aliinua hiyo saa akaiangalia. Akasema, "Labda mimi nilisoma vibaya." Nikamwacha aamini hivyo.

Jumamosi tarehe kumi na tisa tulimzika. Binamu ya Kiilu alikuja kutoka Kitui, anaitwa Nzioka, koplo mstaafu. Aliona beji akanisalimia vizuri. Halafu akaniuliza, "Wewe mzee ulikuwa huko mwaka gani?" Nikasema sabini na mbili, Tiva. Akaniangalia sana. Akasema, "Mimi nilikuwa Tiva. Si wewe ndio ulikuwa unaletea jikoni maji?"

Nikasema ni mimi.

Alinivuta kando ya boma. Nilimuuliza ndimi saba ni nini. Alisema ni mito. Mwaka wa kwanza wa kikosi walivusha watu na magari kwa mito saba, ndio wakaweka moto saba. Nikamuuliza baruti ikikataa wanangoja muda gani. Alisema dakika saba hakuna. Wao walikuwa wanakaa mbali saa nzima na zaidi, na hata hapo si kila mtu anaenda, anaenda yule mmoja amefunzwa. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Mimi sitasema. Mdomo ya kusema haya ni yako, si yangu." Akaenda kukaa na wazee.

Hiyo siku sikusema.

Jumapili tarehe ishirini, kanisani, Mutindi alisimama mbele. Alisema yeye ndio ameua bwana yake kwa kutojua kusoma saa. Alisema hakusoma shule na hiyo ni dhambi yake. Pasta akamwombea asamehewe. Watu wote wakasema Amina. Mimi pia nilisema Amina. Nilisema kwa sauti.

Baada ya ibada alinifuata nje. Akaniambia, "Baba Ndila, wewe unajua hii kitu. Nionyeshe dakika saba ni wapi." Nilimwonyesha kwa kidole. Akaangalia. Akasema, "Lakini ndipo ilikuwa. Mkono mrefu ulikuwa hapo hapo."

Nikasema, "Pengine umesahau, mama. Siku hiyo ilikuwa mbaya."

Akasema, "Pengine." Akafunga saa kwa leso.

Nilienda nyumbani. Binti yangu Ndila alipika, lakini sikula. Aliniuliza naumwa wapi. Leo asubuhi nimetembea kutoka Kasikeu mpaka hapa.

Ukiniuliza kama kuna mtu amenitisha nije, hakuna. Ukiniuliza kama Kiilu alikuwa amekunywa, vile watu wengine wanasema sokoni, hapana. Kiilu alikuwa hanywi. Alikuwa mtu wa kusikia akiambiwa. Ukiniuliza mwethya ingefanya nini kama ningesema mimi si askari, wangecheka wiki moja, halafu wangengoja yule mtu wa Nairobi. Hiyo tu.

Beji ni hii, nimekupa. Ni ya Sajini Irungu, kama ako hai arudishiwe. Ile saa ako nayo Mutindi. Msimwendee kwa nguvu, muombeni.

Nataka mtu amsomee Mutindi haya, kwa Kikamba, hapo kanisani, mbele ya wale walisema Amina. Saa alisoma sawa. Asome mtu mwingine, si mimi. Mimi nitakuwa nimekaa hapo ndani wanione.

Hayo ndiyo niko nayo. Nimesema bila kulazimishwa, na nimesomewa yote.

(Alama ya dole gumba la kulia) Mutunga Ndululu

Maandishi ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Gicheru, kwa maneno ya shahidi mwenyewe, na kumsomea. Alisahihisha mahali pamoja: niliandika "askari wa zamani", akaniambia nikate. Nimepokea beji moja ya shaba. Jalada linapelekwa kwa mkubwa wa kituo aamue kuhusu mashtaka. Shahidi ameambiwa asitoke lokesheni yake bila ruhusa. Nimemuuliza kama ana neno la kuongeza. Amejibu:

"Kama mnanifunga nifungeni leo. Kama hamnifungi, kesho narudi kazini."