Sauti ndani ya Ghubari

Ibra, msimu wa tende

Mama, shikamoo, nakubusu mikono.

Tumetoka Maskati kuja kula tende kwa jamaa, na ghubari nayo imekuja. Wewe kila siku ulikuwa ukinionya kuwa vumbi la huku litammaliza mjukuu wako Nasor na pumu yake. Basi sikiliza.

Jana alasiri upepo ulivuma kutoka jangwani, mji ukageuka rangi ya chai ya maziwa, hata mtende wa uani hatuuoni. Umeme ukakatika, spika ya msikiti ikanyamaza, na muadhini vumbi limemzuia shambani. Sisi wachache tuliowahi kufika msikitini tukabaki kutazamana. Nasor akanyanyuka. Akaivua ile kanga uliyompa, anayoirowesha maji na kujifunga puani wala haoni haya, akasimama mlangoni akaadhini. Hakukohoa hata mara moja. Watu wakaanza kuingia mmoja mmoja, kope zimejaa vumbi, wakisema njia hawakuiona, wameifuata sauti.

Baada ya sala mzee mmoja akauliza, "Kijana huyu wa nani?" Huku swali hilo hujibiwa kwa jina la baba na kabila. Nami baba mtu nimekaa pale pale, nikamjibu kwa jina lako, "Wa Bi Zuwena wa Malindi, Unguja. Kifua kile kakilea yeye."

Mungu akuweke, mama. Na kanga umtafutie nyingine, hii imeshashika rangi ya Ibra, haitakati tena.

Mwanao, Seif