Nyoka kwenye kibanda cha chiriku

Mwenzio leo nimekoma! Acha nikuandikie.

Kile kibanda cha chiriku nilichokuringia, cha kabati bovu na waya wa kuku? Nimekuta nyoka ndani. NDANI! Kawameza wote, tumbo limemvimba, kakwama kwenye tundu la waya aliloingilia.

Nikapiga yowe. Mama mkwe akaja mbio na mchi. Akamponda, akamponda, mbao zinaruka, damu mpaka usoni. Nyoka kashakufa zamani, yeye bado anaponda! "Mama, basi!" Wapi!

Halafu akanigeukia, mchi uko juu. Nikajua sasa ni zamu yangu.

"Si nilikwambia matundu makubwa? Ukanijibu chiriku hawawezi kutoka!"

Na kweli, shoga yangu, hawakutoka.