Maji Kati ya Moto na Sabuni

Mujukuu wangu Rehema,

Sijamwambia mtu: sitaki kuolewa kiangazi hiki. Nataka kubaki na sufuria ya sabuni. Hapa Kasongo wote wazima, na mpunga umekomaa. Tuko rika moja, lakini kiukoo mimi ni nyanya yako, basi usinicheke. Unauliza kutoka Kindu kwa nini sijibu posa.

Sabuni ya mafuta ya mawese tunayopika na Shangazi na wanawake wenzetu ilikuwa inaungua kila mara. Shangazi akasema ikiungua tena, anafunga kazi, turudi kulima pamba ya lazima ya serikali. Nikanong'ona, "Shangazi, tuweke sufuria ndani ya pipa la maji. Moto upashe maji, maji yapashe sabuni."

"Ee, nyanya ya watu!" Shangazi akasema. "Sabuni nayo iko inaoga?"

Wanawake wakacheka, lakini yeye akalijaza pipa.

Maji yakachemka, sabuni ikatulia. Ikazunguka polepole chini ya mwiko, nzito, ya manjano, nami ndani ya mvuke nikasahau hata jina langu. Kumbe kuna vitu vinavyoiva bila kuharakishwa.

"Kesho weye utalinda moto," Shangazi akasema.

Habari ya posa, Baba nitamwambia mwenyewe, siku sauti itakaponitoka. Mpaka siku hiyo, Rehema, usimwambie mutu.

Nyanya yako, Furaha