Ng'ombe wa Kodi Atarudi kwa Miguu

Gisenyi, Jumapili, 15 Agosti 1999

Jua kali. Vumbi jeusi la mawe ya volkeno limeingia mpaka kwenye sukari. Kengele zinalia tangu asubuhi kwa sikukuu ya Bikira Maria, na mimi sikwenda kanisani. Mtu mwenye furaha kama yangu ya leo hafai kupiga magoti.

Jana nimelipiza kisasi. Naandika hivyo hivyo, bila kupamba.

Walikuja kumposa mdogo wangu Devota. Kijana mwenyewe, Faustin, sina neno naye. Anauza mbegu za viazi kule Kanama, ana adabu, ananiita mwalimu hata tukiwa mezani. Tatizo langu ni babu yake. Jina lake siliandiki humu, nisije nikaichafua shajara. Enzi za Wabelgiji alikuwa kirongozi, yaani mtu wa chifu aliyepita mlango kwa mlango akidai kodi ya kichwa.

Baba alipofikia umri wa kulipa kodi hakuwa na fedha. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, aliyepewa na baba yake. Kirongozi akamlaza chini, viboko vinane mbele ya mama yake, kisha ng'ombe akachukuliwa. Halafu akamlazimisha Baba amswage ng'ombe wake mwenyewe kutoka Kanama mpaka ofisi ya Wazungu hapa mjini, yeye akifuata nyuma anapiga mluzi. Kule Karagwe tulikozaliwa, Baba alipotusimulia habari hii, viboko alivipita haraka. Mluzi ndio aliokuwa akiurudia. Wiki iliyofuata alikimbilia Tanganyika, akarudi ana mvi.

Mwezi wa sita nilikuwa nafundisha Vita vya Maji Maji. Niliwaeleza wanafunzi jinsi Wajerumani walivyotaka kodi kwa fedha taslimu, na asiye na fedha akalime pamba yao huku akida amesimama na kiboko, mpaka siku watu walipoingia shambani wakaanza kung'oa miche. Vita vilianzia hapo. Walishindwa, wakafa kwa njaa, lakini waliodai uhuru miaka mingi baadaye walihesabu mapambano yao kuanzia kwenye ile miche. Msichana mmoja wa nyuma akaniuliza: na sisi huku tuling'oa nini?

Nilimwambia tutazungumza kesho. Hatukuzungumza. Nilikuwa namwona Baba anaswaga ng'ombe wake.

Kwa hiyo Faustin alipokuja kujitambulisha, na Baba akamuuliza jina la babu yake, kisha akaweka kikombe chini polepole, mimi nilielewa kabla sijaambiwa. Wageni walipoondoka, Baba alisema msichana hana kosa, kijana hana kosa, wapewe. Halafu akanichagua mimi niwe msemaji wetu, kwa sababu ya mdomo wangu. Nafikiri alijua anachofanya.

Posa ya huku ni mchezo wa maneno. Upande wa msichana unatafuta kila kisingizio: hatuwajui, mbuzi wenu alikula maharage yetu, binti mnayemtaka ameshakuwa mtawa. Upande wa mvulana unakiri yote, unaomba radhi, unaahidi kulipa. Watu wanacheka, pombe ya ndizi inazunguka. Asiyekiri hapewi mke.

Mimi niliitegemea sheria hiyo.

Nilianza na mbuzi. Wakacheka. Nikasema, isitoshe, tunawadai ng'ombe wa kodi. Msemaji wao, fundi cherehani mmoja mnene mwenye maneno matamu, akainuka akicheka: tunakiri, tutalipa hata wawili. Nikauliza, lini? Akacheka tena. Nikakitaja kilima alikopigiwa Baba. Nikataja viboko vinane, nikautaja na mluzi. Hapo kicheko kilikatika chini ya maturubai yote mawili, na aliyekuwa anamimina pombe akabaki ameinamisha kibuyu.

Ningeweza kuachia hapo. Sikuachia. Nikasema mzee aliyekaa kiti cha mbele anaifahamu habari hii kuliko mimi, tumsikilize yeye.

Babu yake Faustin akasimama kwa fimbo. Amepita sabini na tano. Nilikuwa namuomba Mungu akane, maana akikana nawafukuza wote na vikapu vyao. Lakini akazungumza, na hakusema Kinyarwanda. Alisema Kiswahili, kile cha mlangoni pa ofisi ya kodi, akimtazama Baba peke yake.

"Bon. Ile ngombe iliitwaka Gaju. Ni mi nilimukamata. Na ule mluzi, nilipigaka juu ya woga. Nilisema huyu kijana atageuka, ataniua."

Sikulitegemea neno hilo, na limenikasirisha kuliko kama angekana. Nilitaka mwovu aliyekamilika. Akanipa mtu mwenye hofu.

Nikasema ng'ombe arudi. Faustin akarukia haraka, akasema Jumamosi ijayo atamleta kwa gari. Nikasema hapana. Aje kwa miguu, kutoka Kanama, na mzee mwenyewe nyuma yake, kama siku ile. Mzee akasema, "Nitamuleta," akakaa. Ndipo Devota akatolewa ndani, mzuri kupita kiasi, akapita mbele yangu bila kunitazama.

Wageni walipokwisha ondoka, Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe aliniogopa," alikuwa anasema, anamwambia kila anayepita, hata jirani aliyekuja kuchukua viti vyake. "Kumbe miaka yote hiyo ni yeye aliyekuwa ananiogopa!" Leo amelala mpaka jua limepanda. Sijawahi kumwona akilala hivyo. Kwa usingizi ule peke yake, sijuti.

Lakini Devota amerudi kutoka misani, akasimama mlangoni kwangu, kitambaa bado kichwani.

"Kaka, mzee yule akifia njiani, mimi ndiye nitakayeishi nyumbani kwake. Wewe utakuwa hapa na chaki zako."

Akaenda kumenya viazi. Nasikia kisu chake mpaka sasa.

Naweza kutuma neno Kanama leo hii. Nimpe utingo wa basi dogo ujumbe tu: mzee apande gari, ng'ombe aletwe na vijana. Mabasi yamepita hapa nje tangu nianze kuandika, na kila moja nimeliacha lipite. Nataka aisikie ile barabara magotini. Nataka watu walio madirishani waulize mzee yule anaswaga ng'ombe wa nani, na wajibiwe. Kama yule msichana wa nyuma ataniuliza tena, nitamwambia nilimng'oa mzee mmoja kitini pake. Ni kidogo, najua. Wenzetu waling'oa shamba zima.

Jumamosi nitakwenda kumngojea pale barabara inapoanza kuteremkia mjini, palipo na jua tupu. Nitabeba kiti. Sijaamua bado kama ni changu, nikae nimtazame akija, au ni chake.